Mafuta ya Bonde la Ufa: Jiografia, Uchumi na Lugha kutoka Ziwa Albert hadi Lokichar

Utangulizi

Mnamo Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu wa Kenya, vijana waling'oa reli inayopita Kibera, mwendo mfupi tu kutoka majumba ya Kilimani na vituo vya petroli vya Barabara ya Ngong. Wakaazi wa Kilimani waliyaona matukio hayo kuwa ni mambo ya Nairobi na siasa zake. Athari zake hata hivyo zilifika mbali. Jijini Kampala petroli iliadimika, bei ikapaa na magari yakalazwa, kwa kuwa Uganda ni nchi isiyo na bahari na shehena zake nyingi hupitia Mombasa na Nairobi.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba nchi hiyo iliyokuwa ikililia petroli ilikuwa tayari imetangaza, mnamo Oktoba 2006, kwamba ina mafuta mengi chini ya ardhi inayopakana na Ziwa Albert. Kuwa na mafuta ni jambo moja; kuyafikisha kwenye tangi la gari ni jambo lingine kabisa. Kati ya mambo hayo mawili pana milima, mipaka, mikataba, mashamba ya watu na, kama itakavyobainika, pana lugha pia. Makala haya yananuia kueleza jiografia na uchumi wa eneo hilo la mafuta linalozihusisha Uganda, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Tanzania, kisha kuangazia nafasi ya Kiswahili katika shughuli ambayo aghalabu huachiwa wanajiolojia na wanasheria.

Ardhi iliyopasuka

Bonde la Ufa la Afrika Mashariki lina mikono miwili. Mkono wa magharibi unapita kwenye maziwa Tanganyika, Kivu, Edward na Albert. Mkono wa mashariki unapita katikati ya Kenya na kufika Ziwa Turkana. Ardhi ilipopasuka na kudidimia mamilioni ya miaka iliyopita, mashimo yaliyotokea yalijaa maji yakawa maziwa ya kale. Mwani na viumbe wengine wadogo walioishi humo walikufa wakazama, wakafunikwa na mashapo safu juu ya safu, wakapashwa joto na kina cha ardhi hadi wakageuka mafuta. Mafuta ya asili hiyo ya ziwani huwa na nta nyingi. Yakipoa huganda, mithili ya samli asubuhi ya baridi. Sifa hii yafaa ikumbukwe, maana ndiyo inayoeleza sehemu kubwa ya gharama zitakazotajwa baadaye.

Ziwa Albert lenyewe lina urefu wa kilomita 160 hivi na upana wa takriban 30. Mto Semliki huingia upande wa kusini ukitokea Ziwa Edward. Nile ya Victoria huingia upande wa kaskazini baada ya kuporomoka Murchison, na papo hapo Nile ya Albert hutoka kuelekea Sudan Kusini. Mpaka wa Uganda na Kongo, ambao msingi wake ni makubaliano ya Waingereza na Wabelgiji ya mwaka 1915, umechorwa katikati ya maji. Kwa sehemu fulani mpaka huo unafuata Semliki, nao mto huo una tabia ya kuhama mkondo wake. Wavuvi hawakuujali sana mstari huo. Waaluri wako pande zote mbili, samaki waliokaushwa kwa chumvi huvuka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na katika biashara hiyo Kiswahili cha Bunia na Kasenyi husikika sambamba na Kialuri, Kinyoro na Kigungu.

Wenyeji walijua kitambo kwamba kuna mafuta yanayochuruzika kwenye miamba na kando ya maji. Katika miaka ya 1920 E. J. Wayland, mwanajiolojia wa serikali ya kikoloni, aliyaandikia taarifa mahali hapo. Kisima cha kwanza kilichimbwa karibu na Butiaba mwaka 1938. Kisha ikaja vita vya pili vya dunia, na baada ya uhuru yakafuata misukosuko ya kisiasa ya Uganda. Utafiti ukalala kwa miongo mingi. Ilikuwa mwaka 2006 ambapo visima vya Mputa na Waraga vilithibitisha kwamba mafuta yako kwa kiwango cha kibiashara. Makadirio ya baadaye ya serikali ya Uganda yalitaja mapipa bilioni 6.5 yaliyomo ardhini, ambapo takriban bilioni 1.4 ndiyo yanayoweza kutolewa. Wengi hukosea hapa. Magazeti hupenda kutaja tarakimu ya kwanza ilhali uchumi wa nchi utaendeshwa na ya pili.

Ziwa lenye majeshi

Haukupita mwaka mzima tangu tangazo hilo kabla damu haijamwagika. Mnamo Agosti 2007 wanajeshi wa Kongo na Uganda walifyatuliana risasi ziwani, na mfanyakazi Mwingereza wa kampuni iliyokuwa ikifanya utafiti akauawa. Kisiwa kidogo cha Rukwanzi, karibu na mahali Semliki inapoingia ziwani, kikawa kitovu cha ugomvi. Kabla ya hapo kisiwa hicho hakikuwa na umaarufu wowote nje ya jamii za wavuvi. Septemba mwaka huohuo Rais Museveni na Rais Kabila walikutana Ngurdoto, karibu na Arusha, wakatia sahihi makubaliano kuhusu mpaka, usalama na uchimbaji wa pamoja wa mafuta yatakayoonekana kuvuka mpaka. Mafuta hayajui mpaka. Yakifyonzwa upande mmoja, ya upande wa pili huweza kuyafuata. Mkataba wa namna hiyo basi ni wa lazima.

Upande wa Kongo hadithi imekwenda polepole na kwa uchungu zaidi. Ituri ilikuwa imetoka tu katika vita vya 1999 hadi 2003 vilivyowakutanisha Wahema na Walendu, na mapigano hayajawahi kukoma kabisa. Mwaka 2010 vitalu viwili vya Ziwa Albert vilitolewa kwa kampuni za Caprikat na Foxwhelp. Mnamo Julai 2022 serikali ya Kinshasa ilitangaza mnada wa vitalu 27 vya mafuta na 3 vya gesi, vingine vikiingia hadi kwenye Hifadhi ya Virunga, kisha mnada huo ukafutwa Oktoba 2024. Kwa hiyo ziwa ni moja, lakini ukingo wa mashariki una barabara za lami, mitambo na uwanja wa ndege wa kimataifa wa Hoima, huku ukingo wa magharibi ukiendelea kupokea na kutoa wakimbizi.

Upande wa Uganda, kampuni zilizogundua mafuta si zilizobaki kuyachimba. Heritage iliuza hisa zake kwa Tullow mwaka 2010, jambo lililozua mvutano mkubwa wa kodi. Mwaka 2012 Total ya Ufaransa na CNOOC ya China zikaingia. Mwaka 2020 Tullow nayo ikaondoka kwa kuuza sehemu yake kwa Total kwa dola milioni 575. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulitangazwa tarehe 1 Februari 2022. Miradi ni miwili: Tilenga, unaosimamiwa na TotalEnergies na uliopangiwa mapipa 190,000 kwa siku, na Kingfisher, unaosimamiwa na CNOOC na uliopangiwa mapipa 40,000. Tilenga peke yake una visima zaidi ya 400, vingine vikiwa ndani ya Hifadhi ya Murchison. Shirika la mafuta la taifa la Uganda lina asilimia 15 tu. Mwaka wa kuanza kutoa mafuta umesogezwa mara kwa mara: ulitajwa 2018, ukatajwa 2020, ukatajwa 2025, kisha 2026.

Kabla ya pipa hata moja kuuzwa, wako waliokwisha kulipa. Kuanzia mwaka 2012 vijiji 13 vya Kabaale, wilayani Hoima, vilitengwa kwa ajili ya kiwanda cha kusafishia mafuta, na watu zaidi ya 7,000 wakatakiwa kuhama. Wengine walichagua fidia ya fedha, wengine ardhi. Waliochagua ardhi walingoja miaka, huku wakishauriwa wasipande mazao ya kudumu katika shamba ambalo si lao tena na bado hawajaliacha. Mkataba wa kujenga kiwanda chenyewe, cha mapipa 60,000 kwa siku, ulitiwa sahihi Machi 2025 na kampuni ya Alpha MBM ya Umoja wa Falme za Kiarabu. Miaka 13 ilikuwa imepita tangu watu wa Kabaale waambiwe wapishe.

Ngamia wa Lokichar

Turkana ni kaunti kame, pana kuliko mataifa kadhaa, na kwa muda mrefu Nairobi iliitaja tu wakati wa njaa. Mwaka 1992 kampuni ya Shell ilichimba Loperot ikaona dalili za mafuta, ikaondoka. Tarehe 26 Machi 2012 Rais Kibaki alitangaza kwamba kisima cha Ngamia 1 kimepata mafuta. Visima vilivyofuata navyo vilipewa majina ya wanyama: Twiga kwa Kiswahili, Etuko (punda milia) na Etom (ndovu) kwa Kiturkana. Uganda nayo ilifanya vivyo hivyo. Jobi ni nyati kwa Kiacholi, na jina Tilenga limeunganishwa kutokana na majina mawili ya swala katika lugha za eneo hilo. Mwanafunzi wa fasihi hawezi kukosa kuiona kejeli iliyomo. Wanyama wanaotajwa kwenye ramani za wachimbaji ndio haohao ambao malisho yao yamezungushiwa ua.

Neno kisima lastahili kuzingatiwa kidogo. Kwa mfugaji wa Turkana, kisima ni mahali pa maji, na maji ndiyo uhai. Mwaka 2013, takriban miezi 18 baada ya tangazo la Ngamia, ilitangazwa kwamba hazina kubwa ya maji imegunduliwa chini ya ardhi ya Lotikipi, katika kaunti hiyohiyo. Shangwe ilikuwa kubwa kuliko ya mafuta. Vipimo vilivyofanywa baadaye vilionyesha kwamba maji hayo yana chumvi nyingi mno. Hivyo Mturkana aliahidiwa visima vya aina mbili katika muda mfupi, akabaki akitembea masafa yaleyale na ndoo yake.

Mnamo Oktoba 2013 wakaazi waliandamana Lokichar wakidai ajira na zabuni, na Tullow ikasimamisha kazi kwa muda. Mnamo Juni 2018 Rais Uhuru Kenyatta alizindua mpango wa majaribio wa kusafirisha mafuta kwa malori hadi Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Majuma machache baadaye wakaazi waliyazuia malori hayo, mara hii wakidai usalama dhidi ya wezi wa mifugo. Dai hilo liliwashangaza watu wa mijini, lakini mantiki yake ilikuwa wazi: serikali inayoweza kulinda lori la mafuta kutoka Lokichar hadi baharini haiwezi kudai kuwa imeshindwa kulinda mbuzi. Hatimaye, Agosti 2019, meli ilibeba mapipa 200,000 kutoka Mombasa, yaliyouzwa kwa takriban dola milioni 12. Yaliuzwa ghafi, kwani mitambo ya Changamwe iliyofunguliwa mwaka 1963 ilikuwa imeacha kusafisha mafuta tangu 2013. Petroli inayouzwa Kilimani huja ikiwa imekwisha kusafishwa, sehemu kubwa kutoka Ghuba.

Tangu hapo Lokichar imezorota. Mwaka 2023 Africa Oil na TotalEnergies zilijitoa, na mwaka 2025 Tullow iliuza mali yake ya Kenya kwa kampuni inayohusiana na Gulf Energy ya hapahapa nchini, kwa bei isiyopungua dola milioni 120.

Njia ya kuelekea baharini

Palikuwa na wakati ambapo Hoima na Lokichar zingeunganishwa. Mradi wa LAPSSET ulipozinduliwa Lamu mnamo Machi 2012, ndoto ilikuwa kwamba bomba moja lingepokea mafuta ya Uganda, ya Turkana na hata ya Sudan Kusini. Sudan Kusini, iliyopata uhuru mwaka 2011, ilikuwa imefunga visima vyake Januari 2012 kwa sababu ya ugomvi na Khartoum juu ya ada ya kupitisha mafuta, na ilitamani mlango mwingine wa bahari. Gharama zingegawanywa, na mafuta ya Turkana, ambayo ni machache yakilinganishwa na ya Ziwa Albert, yangebebwa mgongoni mwa yale ya Uganda.

Mnamo Aprili 2016 Uganda ilichagua Tanga. Sababu zilizotolewa ni za kijiografia na kiuchumi kwa pamoja: Lamu iko karibu na mpaka wa Somalia, ununuzi wa ardhi nchini Kenya ni wa ghali na wenye kesi nyingi, na njia ya kusini inapita kwenye ardhi isiyo na miinuko mikali. Wako watakaosema kwamba kumbukumbu ya Januari 2008 nayo ilihesabiwa, na si vigumu kuwaamini. Anayewahi kulala njaa kwa sababu jirani kafunga mlango hutafuta mlango wa pili.

Bomba la Hoima hadi Chongoleani lina urefu wa kilomita 1,443, ambapo kilomita 296 tu ziko Uganda na 1,147 ziko Tanzania. Kwa sababu ya ile nta iliyotajwa awali, mafuta humo lazima yatunzwe katika joto la nyuzi 50 hivi njia nzima, na ndiyo maana bomba hili hutajwa kuwa refu kuliko yote duniani yanayopashwa joto. Marais Museveni na Magufuli waliweka jiwe la msingi Chongoleani mnamo Agosti 2017. TotalEnergies ina asilimia 62 ya hisa, mashirika ya taifa ya Uganda na Tanzania yana 15 kila moja, na CNOOC ina 8. Mnamo Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kuukosoa mradi, na serikali ya Uganda ikajibu kwa ghadhabu kwamba Ulaya iliyotajirika kwa makaa na mafuta haina haki ya kuwaambia wengine wangoje. Hoja zote mbili zina uzito wake. Ajabu ni kwamba katika majibizano hayo yaliyoendeshwa kwa Kiingereza na Kifaransa, mkulima wa Tabora au Singida ambaye shamba lake limekatwa na bomba hakuwa msemaji bali mfano.

Lugha ya mafuta

Hapa ndipo taaluma ya Kiswahili inapohusika moja kwa moja. Neno mafuta katika Kiswahili ni pana mno: ni ya kula, ya kujipaka, ya taa, ya gari na ya kisimani. Upana huo si upungufu, ila katika baraza la kijiji hudai ufafanuzi. Mathalani, afisa akisema serikali itauza mapipa 200,000, msikilizaji huliona pipa analolijua, lile la bati linalochukua lita 200. Pipa la biashara ya mafuta ni lita 159. Tofauti hiyo ya lita 41 huonekana ndogo mpaka izidishwe.

Tatizo hilo ni kubwa zaidi katika neno asilimia. Sheria ya Petroli ya Kenya ya mwaka 2019 inagawa mapato kwa asilimia 75 kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii ya mahali mafuta yanapotoka. Viongozi wa Turkana walikuwa wamepigania asilimia 10 kwa jamii kwa miaka kadhaa kabla ya kuafikiana. Kinachosahaulika katika tafsiri za majukwaani ni kwamba kinachogawanywa ni sehemu ya faida inayoiangukia serikali, baada ya kampuni kurudisha gharama zake. Hakigawanywi kiasi chote cha mauzo. Mtu aliyesikia habari ya dola milioni 12 na asilimia 5 atapiga hesabu yake na kupata dola 600,000, kisha atauliza ziko wapi. Atakuwa hajakosea hesabu wala hajadanganywa kwa makusudi. Ametafsiriwa nusu.

Mikataba ya kugawana uzalishaji huandikwa kwa Kiingereza. Uganda iliificha mikataba yake kwa miaka mingi, hadi wabunge wakaikabili serikali kwa mjadala mkali Oktoba 2011. Ilijiunga na mpango wa kimataifa wa uwazi katika sekta ya uziduaji mwaka 2020 tu. Hata pale nyaraka zinapofunguliwa, Kiswahili hakina nafasi sawa njiani mwa bomba. Tanzania mkutano wa fidia huendeshwa kwa Kiswahili na maneno kama fidia, mrabaha na hatimiliki yamezoeleka. Uganda, Kiswahili kiliidhinishwa na baraza la mawaziri kuwa lugha rasmi ya pili mnamo Julai 2022, lakini kwa wazee wengi wa Hoima bado kina harufu ya kambi ya jeshi, nao walielezwa mambo yao kwa Kinyoro na wakalimani wasio na istilahi za pamoja. Turkana, afisa kutoka Nairobi husema Kiswahili na mkalimani hukigeuza Kiturkana, baada ya yeye mwenyewe kukitoa katika Kiingereza cha waraka. Maana inayopita mikono mitatu hupungua kama maji yanayobebwa kwa kikombe chenye ufa. Vyuo vikuu vya Kenya, Uganda na Tanzania vina idara za Kiswahili na za jiolojia, pengine katika jengo jirani. Kamusi ndogo ya pamoja ya istilahi za petroli, itakayofafanua mrabaha, faida, gharama zinazorudishwa na mafuta ghafi kwa mifano ya sokoni, ni kazi inayoweza kufanywa na wanafunzi wa uzamili kwa miaka miwili.

Kuna neno moja litakalowasumbua watunzi wa kamusi hiyo. Sheria ya Kenya inaifafanua jamii inayostahili asilimia 5 kuwa ni watu wanaoishi katika kaunti ndogo ambamo mafuta yanachimbwa na kuathiriwa nayo. Kwa Kiswahili hao huitwa wenyeji. Lakini mfugaji wa Turkana huishi Lokichar wakati wa mvua, na kiangazi kikikaza huenda akawa na mifugo yake Uganda miezi kadhaa. Aidha, mwenyeji kwa Kiswahili si mzaliwa wa mahali tu. Ni yule anayempokea mgeni, akampa mkeka na maji. Katika mikutano ya Lokichar na Hoima, mgeni ndiye aliyeleta viti, maji ya chupa na ajenda, na mwenyeji akaitwa kuhudhuria.